Sifuri za Mzee Bawaba

Fomu tano zilipangwa juu ya meza ya ukumbini kama karata, na kila moja ilikuwa na sifuri mahali palepale.

Inspekta alizisoma kwa mara ya tatu, amesimama. Alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya kusikika mpaka mwisho wa korido, na tangu aingie katika nyumba hii ya kutunzia wazee alikuwa hajaipunguza hata kidogo. Saa ya ukutani ilionyesha saa tano na robo asubuhi. Daktari alikuwa amempa mpaka saa kumi alasiri.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Mkaazi wa chumba namba sita, seremala mstaafu ambaye wenzake walimwita Mzee Bawaba kwa sababu ya magoti yake yaliyolia kila aliposimama, alikimbizwa hospitali jana alfajiri, mwili unawaka moto, maneno hayashikani. Ugonjwa ulianzia kwenye njia ya mkojo, ukapanda mpaka ukaingia kwenye damu. Dawa ya kawaida aliyoanzishiwa haikumgusa. Daktari alimweleza Inspekta kwa simu, taratibu, kama anayemwelekeza mgeni njia, kwamba zimebaki dawa mbili za kuchagua. Ya kwanza ni ya upole. Ya pili ni kali, nayo inaweza kuzimaliza figo za mzee ambazo tayari zinajikongoja. Kama kwa miezi ya karibuni mzee hakuwa akinywa antibayotiki, zile dawa za kuua vijidudu mwilini, ile ya upole ingetosha. Kama alikuwa akinywa, basi vijidudu vyake vimeshazoea, na ile ya upole itakuwa sawa na kumdunga maji. Majibu ya maabara ni kesho kutwa, na mzee hana kesho kutwa ya kusubiri.

"Saa kumi naanza mojawapo," Daktari alisema. "Nitafutie ni ipi."

Na fomu zilisema sifuri.

Kila mwezi muuguzi wa tathmini alimhoji kila mkaazi na kumjazia fomu ya kurasa nne. Anakulaje, analalaje, anatembeaje, ameanguka mara ngapi. Swali la thelathini na moja liliuliza hivi: katika siku saba zilizopita, mkaazi amepata antibayotiki siku ngapi? Kwa Mzee Bawaba, miezi mitano mfululizo, sifuri. Lakini mtoto wake wa kiume, dereva wa lori, alikuwa amefika kituo cha polisi jana mchana, amepiga meza mpaka kikombe cha chai kikamwagika, akaapa kwamba baba yake amelishwa dawa ovyo katika nyumba ile na sasa watu wanafunika. Ndiyo maana jalada likaangukia mikononi mwa Inspekta.

Akamwita muuguzi wa tathmini hapohapo ukumbini. Alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, sare imenyooka kwa pasi, kalamu tatu mfukoni kifuani. Wazee kumi na saba walikuwa wamekaa kwenye viti vyao kuzunguka kuta, runinga imezimwa kwa heshima ya mgeni, na Matroni, msimamizi wa nyumba, alisimama mlangoni mikono nyuma.

"Huu mwandiko ni wako?"

"Wangu, afande."

"Hii sifuri umeitoa wapi?"

"Niliandika nilichoambiwa."

"Na nani?"

Muuguzi aliitazama meza.

"Nimekuuliza na nani, binti. Mtu yuko kitandani anapigania roho yake, wewe unatazama meza. Uliwahi kumwona Mzee Bawaba na dawa ambayo haikutoka kwenye toroli lako la dawa? Ndiyo au hapana?"

Masikio ya yule binti yalikuwa yameiva. Alimtupia jicho Matroni, akawatupia wazee, akarudi mezani. "Hapana," alisema, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi.

Kutoka kwenye kona, kikongwe mmoja aliyeitwa Bibi Redio, kwa kuwa hakuwa na kitufe cha kuzimia, alisema kwamba wamwachie mtoto wa watu kabla hajazimia wakapata mgonjwa wa pili. Wazee wakacheka kidogo, wakanyamaza. Inspekta hakucheka. Aliandika neno "hapana" kwenye daftari lake, akalipigia mstari, akaomba apelekwe kwenye kabati la dawa.

Kule akadhani amepata. Katika kopo moja la antibayotiki palipaswa kuwa na vidonge mia. Alipovimwaga kwenye sinia na kuvihesabu kwa ncha ya kalamu, vilikuwa sabini na tisa. Vidonge ishirini na kimoja havipo. Matroni alianza kutoka kijasho chembamba. Akafungua daftari moja, akalifunga, akafungua jingine, huku anajieleza kwa maneno mengi kuliko aliyoulizwa. Ikachukua karibu saa nzima kupata karatasi yenyewe, na karatasi ilipopatikana ilikuwa safi kama kioo: vidonge vitatu kwa siku, siku saba, vimepewa Bibi Redio mwezi uliopita alipobanwa kifua, kila kidonge kimetiwa saini. Na Inspekta alipoitafuta fomu ya tathmini ya Bibi Redio ya mwezi ule, kwenye swali la thelathini na moja alikuta saba.

Alikaa nayo hiyo fomu mkononi. Basi huyu binti hakuwa mzembe wala mwizi. Dawa iliyopita kwenye toroli lake aliiandika, siku kwa siku. Kama Mzee Bawaba alikunywa kitu, basi hakikupita kwenye toroli. Na kama hakikupita huko, njia pekee ya kuingia kwenye fomu ilikuwa mdomo wa mzee mwenyewe.

Akaomba fomu za wakaazi wote kumi na wanane. Matroni aliuliza za nini, maana jalada ni la mtu mmoja.  Inspekta alizipitia akiwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nje ya chumba cha dawa, na safari hii alisoma maswali mengine. Kwenye swali la kumi na mbili kidole chake kikasimama. Je, mkaazi hupitiwa na mkojo bila kujizuia? Hapana. Akafungua nyingine. Hapana. Akazipitia zote. Watu kumi na wanane, mdogo wao ana miaka sabini na moja, na hakuna hata mmoja aliyewahi kulowesha shuka.

Aliinuka akaenda kutafuta chumba cha kufulia.

Dobi alikuwa mama mwembamba, vidole vimechujuka kwa sabuni. Inspekta alimuuliza anafua shuka ngapi kwa asubuhi moja.

"Inategemea na hali ya hewa," dobi alisema bila kutabasamu. "Juzi mvua ilinyesha kwenye vitanda kumi na kimoja."

"Nani huzileta?"

Hakuna anayezileta, dobi akaeleza. Huzikuta tu. Moja iko chini ya godoro. Nyingine imesokomezwa ndani ya foronya, nyingine imekunjwa vizuri, kona kwa kona, imerudishwa kabatini ikiwa mbichi. Yeye huzichukua na kunyamaza, maana wale ni wazazi wa watu. Ila Mzee Bawaba hakumwachia hata hiyo kazi. Alikuwa anafua mwenyewe kwenye sinki la chumbani kwake, halafu anaanika nyuma ya mlango, kwenye misumari miwili aliyoipigilia kwa kisigino cha kiatu.

"Fundi ni fundi," dobi alisema. "Misumari imekaa sawa kabisa."

Halafu akaongeza jambo ambalo Inspekta hakuwa ameuliza. Mara tatu, katika kubadilisha kitanda cha mzee, alikuta kidonge kwenye pindo la shuka. Viwili vya rangi mbili, kijani na njano, na kimoja cheupe. Alimpelekea yule mtoto wa fomu.

"Lini?"

"Cha mwisho, wiki iliyopita."

Inspekta alirudi ukumbini kwa hatua ndefu. Bibi Redio alikuwa bado kwenye kona yake, na Inspekta aliinama akamuuliza tathmini hufanyikaje hapa. Bibi alifurahi kuulizwa. Hufanyika kila mwanzo wa mwezi, pale mezani, kwa kuwa mtoto yule ni mmoja na vyumba ni vingi na miguu ni miwili. Wanaitwa mmojammoja. Na kwa kuwa nusu yao ni viziwi, maswali huulizwa kwa sauti. Mtu ukikaa vizuri unapata habari za kila mmoja kama unasikiliza taarifa ya saa mbili.

"Na swali la mkojo, bibi? Nalo kwa sauti?"

"Yote, mwanangu. Hilo ndilo linalonoga, maana sote huwa tunamtazama anayeulizwa."

"Nanyi mnajibuje?"

Bibi Redio, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, alikosa cha kutangaza. Alivuta shali akajifunika magoti. "Ungejibuje wewe?" aliuliza polepole.

Inspekta aliitazama ile meza. Fomu tano bado zilikuwa juu yake, na kiti alichomkalisha muuguzi kilikuwa bado kimevutwa, kimewaelekea wazee kumi na saba na mlango wa Matroni. Saa ya ukutani ilisema saa saba na dakika ishirini. Alikusanya fomu bila kumtazama mtu, akasukuma kiti mahali pake.

Alimkuta muuguzi kwenye stoo ya mashuka, anahesabu mataulo yaliyokwisha hesabiwa. Inspekta aliingia, akafunga mlango, akakaa juu ya furushi la mablanketi, akawa chini kuliko yule binti aliyesimama.

"Binti yangu," alisema, na sauti yake haikuvuka rafu ya kwanza, "nilikosea kukuuliza kule. Nisamehe. Sasa nieleze vile vidonge."

Yule binti alilia kwanza. Inspekta alimwacha, akaangalia saa mara moja tu. Kisha maneno yakatoka. Ni kweli, dobi alimpelekea vidonge. Alivitambua palepale kwamba ni antibayotiki, na si za nyumba hii.

"Ukamuuliza mzee?"

"Nilimuuliza."

"Wapi?"

Muuguzi alikunja taulo lililokuwa limekunjwa. "Pale mezani. Siku ya fomu."

"Kwa sauti?"

"Sikio lake la kulia halisikii. Nilipaza."

Akasimulia ilivyokuwa. Alimuuliza kama kuna dawa anakunywa kwa siri, za mkojo labda. Mzee akajiinua kwenye kiti, akawatazama wenzake, akasema yeye ni mbao ngumu, haiingiwi na mchwa, dawa za mkojo wapewe hao wanaolala na plastiki. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Bibi Redio alipaliwa mpaka akapigwa mgongo. Na yeye muuguzi akacheka pamoja nao, akaandika sifuri, akaita namba saba.

"Niliona macho yake, afande. Alikuwa anacheka mdomo tu. Niliona, lakini zilikuwa zimebaki fomu kumi na mbili." Alijifuta pua kwa kiganja. Siku ile ile alimsubiri binti wa mzee getini, yule anayeitwa Mama Pacha, akamwonyesha kidonge kimojawapo. Mama Pacha akasema ni vitamini. "Nikajifanya nimeamini. Asubuhi uliponiuliza mbele za watu, nikasema nikijibu ndiyo, wazee watajua nilijua. Watajua nilimcheka."

Inspekta alinyanyuka. Hakuwa na neno la kumlaumu ambalo lisingemrudia mwenyewe. Alimwambia tu asizifute zile sifuri wala asiziguse, na kuanzia leo aulize maswali chumba kwa chumba hata kama yatamchukua wiki. Kisha akatoka mbio.

Hospitali ilikuwa mwendo wa nusu saa kwa gari. Alifika saa nane na dakika ishirini. Nje ya wodi, kwenye benchi refu, kulikuwa na ndugu wawili waliokaa kama hawajuani. Dereva wa lori alikuwa upande mmoja, mikono imefumbata, na alipomwona Inspekta aliuliza kwa sauti kama yule mwandishi wa uongo ameshatiwa pingu. Upande wa pili alikuwa Mama Pacha, mwanamke wa miaka thelathini na kidogo, mkoba umekumbatiwa tumboni. Yeye hakuuliza kitu.

Inspekta alimwambia dereva abaki na baba yake. Akamwomba Mama Pacha amsaidie kuandika anwani kwenye maelezo, jambo dogo tu, akampeleka kwenye chumba cha vifaa vya usafi, katikati ya fagio na madumu. Akafunga mlango.

"Mdogo wangu, sina anwani ya kuandika," alisema. "Nina saa moja na nusu. Baba anakunywa nini?"

"Vitamini."

"Kijani na njano."

"Ndiyo. Za nguvu."

"Na cheupe?"

Mama Pacha alitazama mlango, halafu madumu. Inspekta hakumfuata kwa swali jingine. Alimweleza zile dawa mbili za Daktari, ya upole na ya kali, kama alivyoelezwa yeye, na kwamba mtu atakayechagua anaisoma sifuri na kuiamini.

Mama Pacha aliteleza na ukuta mpaka akakaa sakafuni.

Miezi sita nyuma, alisema, baba alimpigia simu akiwa kazini. Alidhani mtu kafa. Baba alikuwa analia. Alisema kwamba anaunguzwa akienda haja ndogo, na kwamba ameamka ameloa kama mtoto, na wanaopaswa kumsafisha ni mabinti wa umri wa wajukuu zake, na afadhali afe. Alimfanya aape. Asimwambie Matroni, asimwambie muuguzi, na zaidi ya wote asimwambie kaka. Ukimwambia kaka yako, mimi si baba yako.

"Nikamletea zilizokuwa nyumbani."

"Zilitoka wapi?"

 Zilikuwa za watoto wake pacha. Kila wakiumwa koo au masikio hupewa dozi, na siku ya tatu wakishaanza kurukaruka yeye husimamisha, anaziweka zilizobaki kwa ajili ya siku nyingine. Mama gani atatupa dawa? Za pacha zilikuwa za maji, kwa hiyo zilipoisha akaomba vidonge kwa jirani aliyejifungua kwa upasuaji, kisha kwa shoga yake wa kazini, naye alikuwa na za aina nyingine. Alichanganya zote kwenye kopo la poda, hilo lililomo sasa kwenye mkoba aliokumbatia. Baba alikunywa mbili, tatu, akipata nafuu anaacha. Ikirudi anampigia simu.

"Alikuwa ananishukuru," alisema. "Kila mara. Aliniambia mimi ndiye mtoto aliyemzaa."

Inspekta aliusogeza mkoba wake mwenyewe nyuma ya miguu. Ndani yake, kwenye mfuko wa zipu, mlikuwa na vidonge vinne alivyobakiza mwanawe wa pili alipopona koo, vimefungwa kwenye karatasi ya daftari. Akanyoosha mkono.

"Nipe hilo kopo."

Daktari, kijana mwenye macho yaliyokosa usingizi, alivimwaga vile vidonge kwenye trei ya chuma na kuvitenga kwa kibano. Aina tatu. Mbili kati yake, alisema, ni ndugu wa tumbo moja na ile dawa yake ya upole. Lakini bado hakuweza kuamua. Vidonge vingine vilikutwa kwenye shuka, si ndiyo? Basi inawezekana mzee alikuwa anavipokea ili kumridhisha binti, halafu anavificha. Kama wiki hii hakunywa, au alikunywa siku moja tu, yeye angejaribu ile ya upole na kuziokoa figo. Kama alikunywa kila siku, hapana. Alihitaji namba, na namba hiyo anayo mtu mmoja.

Ilikuwa saa tisa na dakika thelathini na tano.

Mzee Bawaba alikuwa amezinduka nusu. Alilala peke yake kwenye chumba kidogo cha mwisho wa wodi, mashavu yameingia ndani, mikono mikubwa ya useremala imelala juu ya shuka kama vyombo vilivyowekwa chini. Dereva alisimama kichwani. Muuguzi wa wodi alikuwa anabadilisha dripu, mfuko wa mkojo unaning'inia pembeni, mlango uko wazi na watu wanapita.

Daktari aliinama. "Mzee, wiki hii umekunywa vidonge siku ngapi?"

Macho ya mzee yalizunguka, yakamkuta mwanawe. "Vidonge gani?"

"Vya mkojo, mzee. Binti yako ametuambia."

"Sijanywa kitu."

"Baba hanywi dawa ovyo," dereva alisema, kifua mbele. "Baba ni chuma. Ni wale kule."

Mzee akafumba macho.

Inspekta alimgusa Daktari begani. Akaomba watoke wote, dakika tano. Dereva akasema yeye ni mtoto, haondoki. Inspekta akamwambia ndiyo sababu aondoke. Alisubiri mpaka wa mwisho alipotoka, akafunga mlango, akavuta pazia la kioo kidogo cha mlangoni, akachukua taulo na kuufunika ule mfuko wa mkojo. Kisha akapiga goti upande wa sikio la kushoto, lile linalosikia, akasema kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto alale.

"Baba, hapa tuko wawili. Hakuna anayesikia. Sikuulizi ilikuwaje wala nani kakupa. Nakuuliza siku tu. Daktari ana dawa mbili, na moja haitakusaidia kama umekunywa zile."

 Dripu ilidondoka, ikadondoka. Mzee aligeuza uso ukutani. Ndipo mkono wake ukainuka kutoka kwenye shuka, kiganja wazi, vidole vitano vimetanuka. Ukaanguka. Ukainuka tena na kidole kimoja.

"Sita?"

Kichwa kikakubali.

"Vyote ulimeza?"

"Vilivyoanguka... vilinidondoka. Gizani. Mkono unatetemeka." Alipumua. Machozi yalikuwa yanashuka upande wa chini, kuelekea mto. "Yule mtoto wa kalamu aliniuliza. Nikafanya mzaha. Watu wakacheka, na nikaona amefedheheka kwa ajili yangu. Ningemwambia tu. Ilikuwa neno moja."

 Inspekta alimpangusa uso kwa ncha ya shuka, akainuka, magoti yakimuuma.

Korido nzima ilikuwa inamsubiri. Alikwenda moja kwa moja kwa Daktari, akasimama karibu naye kuliko inavyolazimu, akamwambia sikioni: sita, na amemeza. Daktari alitazama saa, akatikisa kichwa taratibu, akasema basi ni ile kali, na kuhusu figo watajua asubuhi. Akaondoka anaita jina la dawa, muuguzi wa wodi nyuma yake.

Dereva akamzibia Inspekta njia. Sauti yake iliijaza korido, watu wakageuka. "Amesema nini? Nani alimpa? Nina haki ya kujua. Mimi ndiye niliyeandikisha kesi."

Mama Pacha alikuwa amesimama ukutani, mkoba mtupu mkononi, midomo imefunguka. Angesema. Ilionekana kabisa kwamba angesema, pale pale, mbele ya wafagiaji na wagonjwa na watu waliokuja na matunda.

"Ingieni mkamuulize wenyewe," Inspekta alisema, mkono wake umekwisha mshika dada mtu kiwiko na kumsogeza mbele. "Wote wawili. Ila baba yako anasikia kwa sikio la kushoto, kwa hiyo huna haja ya kupiga kelele. Na ufunge mlango."

Dereva alibaki ameshika kitasa. Alimtazama dada yake, na taratibu uso wake ukaanza kushuka, kama mtu anayesoma barua aliyoiandika mwenyewe. Wakaingia. Inspekta alisubiri mpaka akasikia mlango umekaa kwenye fremu yake, kisha akatembea mpaka mwisho kabisa wa korido, mahali ambapo hata mtu angelia ndani ya kile chumba, yeye asingesikia.